Tulivyonong'ona Ili Mlima Usimwangukie Baba

Glavu za sufu zilizolowa zikiwekwa juu ya hita hutoa harufu ya mbwa aliyenyeshewa. Wiki iliyopita mwanangu alianika zake sebuleni, na kabla sijamgombeza nikajikuta nimesimama pale naivuta harufu ile puani kama mtu anayenusa sufuria ya supu. Wenzangu mliokulia Toronto mtanielewa. Harufu ile haiji peke yake. Inakuja na makoti ya wageni yaliyorundikwa kitandani, buti zilizopangwa mlangoni, na watu wazima wakiambiana wasogee kwenye kochi kumbe nafasi yenyewe hakuna. Mimi huniletea pia Jumapili moja ambayo nyumba yetu nzima ilinyamaza ili kumwokoa baba yangu, nusura tumuue.

Tulikuwa tunakaa Lawrence Heights, kwenye zile nyumba za safu zilizogawana kuta: mimi, Baba, Mama, na Bibi mzaa baba. Bibi alikuwa ameletwa kutoka Machame, Kilimanjaro, ili anilee, kwa maneno ya Mama, au ili awasimamie, kwa maneno yake mwenyewe. Katika vitu vyote alivyovikuta Kanada aliheshimu viwili tu, maji ya moto ya bombani na simu ya sebuleni. Simu ilikuwa na stuli yake na kitambaa chake, kitambaa alichokidarizi Bibi kwa mkono, na ilikuwa na kitufe cha spika ambacho kwetu hakikuwahi kuzimwa, maana mazungumzo ya simu hayakuwa mali ya mtu mmoja.

Bibi aliamini kwamba simu hubeba sauti lakini haiiongezi. Kuiongeza ni kazi ya msemaji. Baba alikuwa dereva wa malori ya masafa marefu, na alipopiga kutoka Hamilton, Bibi alimjibu akiwa amekaa. Alipopiga kutoka Winnipeg, alisimama. Alipopiga kutoka Vancouver alisimama, akajishika kiuno, akainua kidevu, na kesho yake jirani yetu Mjamaika wa upande wa pili wa ukuta, ambaye hakujua hata neno moja la Kiswahili, alimwuliza Mama kama mumewe amefika salama magharibi. Msicheke. Hata ninyi mna shangazi wa namna hiyo, na wengine wenu sasa ndio mnaoelekea huko.

Mimi nilikuwa mtoto wa kusemeshwa Kiswahili na kujibu Kiingereza. Halikuwa suala la kiburi. Nilielewa kila kitu, hasa yale niliyokatazwa kusikiliza, ila ulimi ulikuwa umeshazoea shule na ukaona uvivu kurudi nyumbani. Bibi alikuwa ameukubali utaratibu huo. Aliniuliza kwa lugha yake, nikajibu kwa yangu, na tuligombana vizuri tu bila mkalimani.

Majira ya baridi ya mwaka ule, theluji ilianguka kama iliyotumwa. Darasani mwalimu wetu alituonyesha picha za milima ya magharibi, akatueleza jinsi theluji mpya inavyolala juu ya ile ya zamani bila kushikana nayo, upepo ukaisukuma na kuirundika upande mmoja wa mlima, mpaka inafika wakati yote inateleza kwa pamoja na kufukia kila kilicho chini. Sisi tulikuwa darasa la makelele. Mwalimu akasubiri, akasubiri, mwishowe akaweka kidole mdomoni na kusema kwamba huko mlimani ukelele mmoja tu ungetosha kuiangusha yote. Leo nina watoto wangu mwenyewe na najua kabisa maskini yule mama alikuwa anatafuta nini. Wakati ule niliamini kila neno. Na kama vile Mungu naye ameamua kuweka sahihi, siku hiyo hiyo kengele ya kwenda nyumbani ilipolia, theluji yote ya juu ya paa la baraza la shule iliporomoka mbele ya miguu yangu ikafukia pipa la taka lote, na kifuniko chake. Nilikwenda nyumbani nikitembea kwa ncha za vidole.

Ijumaa yake Baba akapiga simu. Nilikuwa ndio kwanza nimetoka shule, glavu zangu ziko juu ya hita.

"Shikamoo mama!"

"MARAHABA! UMEFIKA?"

"Sijafika, mama. Tumesimamishwa huku milimani. Barabara imefungwa."

"IMEFUNGWA NA NANI?"

"Na theluji. Imeanguka mfululizo, na upepo hauachi. Wanasema ile ya juu inaweza kuporomoka wakati wowote. Malori yote tumepangwa hapa kijijini tunasubiri."

Bibi alisimama. Akajishika kiuno.

"THELUJI HAIPOROMOKI! MIMI NIMEZALIWA CHINI YA THELUJI! MLIMA WETU UMEIVAA TANGU MUNGU AUMBE DUNIA, UMEWAHI KUONA IMEMWANGUKIA MTU?"

"Mama, Kilimanjaro na huku ni tofauti..."

"TOFAUTI GANI? MLIMA NI MLIMA!"

Baba alicheka, na kicheko chake kilikuwa na mwangwi, kwa sababu yeye naye alikuwa na tabia ya kuweka simu mbele ya usukani, spika wazi, mikono huru. Nikasogea nikamwuliza, kwa Kiingereza changu, kama huo mlima uko karibu. Baba aliniita bibi mdogo kwa kuwa nilibeba jina la mama yake. "Bibi mdogo," akasema, "uko hapa juu ya kichwa changu. Nikitazama juu sioni mbingu, naona theluji tu."

Nadhani alitaka nimwonee fahari. Mimi nilichokiona ni sauti ya Bibi ikiingia kwenye simu yetu, ikitokea ndani ya lori, ikipita dirishani na kupanda kule juu ambako mbingu haionekani. Bibi alikuwa anavuta pumzi ili aulize habari ya blanketi. Nikabonyeza kitufe nikakata simu. Bibi akasema mtandao wa huko mbovu, akapiga tena. Nikakata tena. Mara ya tatu akauangalia mkono wangu, akaniangalia na mimi, nikakimbilia chooni na kujifungia mpaka Mama aliporudi kutoka kazini.

Mama alikuwa anafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee, na alirudi siku hiyo akiwa hoi, lakini hakukaa. Aliwasha televisheni akiwa na koti mwilini. Ramani ya magharibi ilikuwa imepakwa rangi nyekundu, na mtangazaji alisema yale yale ya mwalimu: theluji nyingi, upepo mkali, hatari kubwa, watu wasisogelee miteremko. Mama alimtafsiria Bibi neno kwa neno. Bibi alisikiliza amekunja uso, na ilipofika hapo pa theluji mpya kutoshikana na ya zamani, akaelewa kabla Mama hajamaliza. Maisha yake yote alikuwa amebeba majani ya ng'ombe kichwani. Alijua kwamba ukipandisha mzigo mbichi juu ya mzigo mkavu bila kufunga kamba, unateleza wote na kukuacha umeshika kamba.

"Basi ni kweli," akasema, na kwa mara ya kwanza tangu aje Kanada alisema kwa sauti ya watu wengine.

Hapo ndipo nilipotoa siri yangu. Nikawaambia kwamba kelele huiangusha, na kwamba sauti yetu inatokea kule kule chini ya mlima.

"Nani kakuambia?" akauliza Mama.

"Mwalimu."

Mnajua wenyewe neno hilo lilivyokuwa na uzito kwa wazazi wetu. Televisheni inaweza kusema uongo, serikali husema uongo, daktari hubahatisha, lakini mwalimu kasema. Bibi aliishia darasa la nne Machame, na mwalimu wake alipopita njiani watu waliweka mizigo chini. Akaniuliza kama mwalimu amelisema jambo hilo mwenyewe, kwa mdomo wake. Nikasema ndiyo. Akaniuliza kama alikuwa amesimama au amekaa. Nikasema amesimama.

"Asiyesikia la mkuu huvunjika guu," akasema Bibi. "Kuanzia leo mwanangu tunamwongelesha kwa kunong'ona."

Mama alikuna kichwa. Nadhani hakuamini sana, ila alikuwa amechoka na anaogopa, na mtu wa namna hiyo habagui dawa. "Haya," akasema. "Kunyamaza hakujawahi kumuua mtu."

Jumamosi simu ya Baba haikupatikana kutwa nzima. Mama alipiga, Bibi akapiga, na kila mara sauti ya yule dada wa mashine ilitujibu kwa adabu kwamba mteja hapatikani. Bibi akamwambia dada wa mashine, kwa kunong'ona, kwamba hana haya. Habari zikaifikia jumuiya yetu ya sala, na jumuiya ikaamua kwamba ibada ya Jumapili, iliyokuwa iwe Mississauga, ihamie kwetu ili dereva aombewe. Asubuhi ya Jumapili yenyewe Mama akaitwa kazini, kwa kuwa mwenzake wa zamu alikwama na theluji. Akaondoka akilia kidogo, akaniachia chupa za chai nizipeleke mezani, na kuniambia Baba akipatikana nimwambie atakula wali wa nazi akirudi.

Kiongozi wa maombi alikuwa Mama Wanjiru, Mkenya, nesi, mwanamke mwema kupita kiasi na mwenye sauti kupita wema wake. Alikuwa anapenda kusimulia kwamba zamani aliwahi kuhubiri sokoni bila kipaza sauti, na watu wakaokoka mtaa wa pili. Alipomaliza kuvua buti, Bibi akasimama katikati ya sebule na kutoa amri: leo tunaomba kwa kunong'ona.

"Kunong'ona aje, shosho?" akauliza Mama Wanjiru. "Sisi tumezoea kuomba na nguvu. Sasa shetani atatoroka aje kama tunamwongelesha polepole hivyo?"

"Shetani atasubiri," akasema Bibi. "Leo shida ni mlima."

Wakaelezwa. Walimsikiliza Bibi, wakanigeukia mimi, shahidi, nami nikatikisa kichwa kwamba ndiyo, mwalimu kasema. Hakuna aliyebisha. Walikuwemo manesi wawili, fundi umeme, na mtu mmoja aliyesomea benki, na wote wakashusha sauti. Mkongomani mmoja aliyekuja na ngoma yake aliambiwa aikalie, akaikalia.

Sijui kama mmewahi kusikia watu wazima wakiimba pambio kwa kunong'ona na kupiga makofi kwa vidole viwili. Ilikuwa kama nyumba iliyojaa majani makavu. Waliyumba, walifumba macho, waliinua mikono, na midomo ilifunguka mpaka mwisho huku ikitoa upepo mtupu. Mama Wanjiru alijitahidi kuliko wote, ila sauti yake ilikuwa haijawahi kufundishwa kazi hiyo. Kila alipoibana ilikatika katikati, ikakwaruza, ikatoka kama ya mtu aliyelia kutwa.

Kisha Bibi akapiga simu, na safari hii ikaita.

"Haloo! Shikamoo mama!"

Bibi aliinama mpaka pua ikagusa kitambaa cha stuli. "Marahaba, mwanangu," akanong'ona.

Baba akaigonga simu yake kwa kidole.

"Haloo? Mama?"

"Nipo, mwanangu."

"Mbona unaongea hivyo?"

"Hakuna neno. Sisi tu wazima."

Nadhani wengi wenu mmeshajua kilichompata baba yangu. Kwetu mtu aliye mbali, na yuko peke yake, hapewi habari ya kifo kwenye simu. Anaambiwa fulani kapumzika kidogo, anaambiwa jitahidi uje, na wote wanaomwambia hushusha sauti, hata yule mjomba ambaye harusini sauti yake hufukuza ndege. Babu alipofariki Machame, Baba alikuwa ameshahamia huku. Kwa siku kadhaa ndugu zake walimnong'oneza kwamba Mzee hajambo, amelala tu, na Baba alikuja kujua ukweli kwa kusikia jinsi walivyokuwa wapole. Mimi hayo niliyajua baadaye. Wakati ule nilisimama kando ya simu najivunia nidhamu ya watu wetu.

"Hapo kuna watu," akasema Baba. "Nasikia watu."

"Ni jumuiya wamekuja."

"Kufanya nini? Si ilikuwa iwe Mississauga?"

"Wamekuja tu. Kutuombea."

Mama Wanjiru akaona amsaidie mzee wa watu. Akasogea, akaibana sauti, ikamkatikia katikati. "Jipe moyo, ndugu yangu," akakwaruza. "Tuko hapa na familia. Hatujawaacha."

Kule milimani kitu kikaanguka, labda kikombe.

"Mke wangu yuko wapi?"

"Yupo kazini," akanong'ona Bibi.

"Leo si zamu yake! Aliniambia mwenyewe!"

"Mwenzake amekwama na theluji."

"Mama, nipe mtoto."

Nikaisogelea simu. Nilikuwa na ujumbe wa wali wa nazi, lakini hofu iliufuta kichwani. Nikaweka midomo karibu na kile kitufe na kumwambia, kwa Kiingereza na kwa sauti ndogo kuliko zote nilizowahi kutoa, kwamba mimi sijambo na kwamba asiwe na wasiwasi. Nilikuwa mtoto ambaye hata kuomba chumvi nilikuwa naomba kwa kupayuka.

"Yesu wangu," akasema Baba.

Halafu akaanza kutusihi. Alisema yeye si mtoto mdogo. Alisema kifo cha baba yake tulimficha hivi hivi, na hajasahau. Kila alivyozidi kusihi, Bibi alizidi kuteremsha sauti kwa kumhofia mlima, mpaka ikafika mahali anatikisa midomo tu, na Baba upande wa pili anasikia bibi kizee akihema.

"Natoka," akasema Baba. "Kuna njia nyingine ya kusini, haijafungwa bado. Wenzangu wawili wamepita asubuhi."

"Usitoke!" ikanong'ona jumuiya nzima kwa pamoja.

"Siwezi kukaa hapa nakunywa kahawa wakati mke wangu yuko mochwari!"

Na tukasikia lori likiwaka. Ilikuwa ngurumo nzito, ya chini, iliyokuja kupitia spika mpaka kitambaa cha Bibi kikatetemeka. Baba akawa anasema na mtu dirishani, kwa Kiingereza, kwamba amsogezee gari lake apite.

Watu wazima waliangaliana. Hakuna aliyejua la kufanya, kwa sababu wote walikuwa wamefungwa na neno la mwalimu wangu, na mwenye kuwafungua nilikuwa mimi. Nikipiga kelele, mlima utashuka. Nisipopiga, ataondoka na upepo ule, kwenye njia ile, anamlilia mtu aliye hai. Nilimpenda baba yangu kwa namna ambayo nilikuwa sijaijua mpaka dakika ile, na nilikuwa na hakika kabisa kwamba lolote nitakalochagua litamuua. Nikaona basi heri afe akijua Mama ni mzima.

Nikaishika ile simu kwa mikono miwili.

"BABA! ZIMA GARI! HAKUNA MTU AMEKUFA! MAMA IKO KAZINI! SISI YOTE MZIMA!"

Kilikuwa Kiswahili kibovu kuliko vyote vilivyowahi kusemwa chini ya paa lile, na kilitoka chote kwa mkupuo bila mimi kukiita. Bibi aliziba mdomo kwa kanga. Mama Wanjiru alifumba macho. Mkongomani aliinuka juu ya ngoma yake, akaganda hapo katikati, hajasimama wala hajakaa.

Ngurumo ya lori ikazimika. Hatukusikia kitu kingine. Nikangoja mlima, nikiwa nimeinamisha kichwa kama vile utanishukia mimi huku Toronto.

"Nani huyo?" akauliza Baba.

"Mimi."

"Mimi nani?"

"Bibi mdogo."

"Unasema Kiswahili?"

Nikatikisa kichwa kwamba ndiyo, kana kwamba simu ina macho.

"Sema tena," akasema Baba. "Sema hivyo hivyo, kwa nguvu."

Nikasema tena, kwa nguvu, na safari hii nikaongeza habari ya wali wa nazi. Hilo ndilo lililomponya. Alisema baadaye kwamba watu wanaweza kuficha msiba kwa kila namna, lakini hakuna aliyewahi kuuficha kwa wali wa nazi. Akauliza sasa kwa nini jamani tunanong'ona kama wachawi. Nikamweleza kwa mchanganyiko wa lugha zangu mbili, mwalimu, kengele, pipa la taka na yote. Baba akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakohoa.

"Bibi mdogo, watu wa barabara wamekuwa wanaupiga huu mlima mizinga. Mizinga ya kweli, ya kijeshi. Theluji wanaiangusha wenyewe kabla haijaanguka yenyewe. Wakipiga, mara inashuka, mara inakaa tu inawatazama. Sasa wewe unadhani sauti ya mama yangu..."

"KWANI SAUTI YANGU INA NINI?" akasema Bibi.

Alikuwa amesimama, ameshika kiuno, na amekasirika kwelikweli, maana kulinganishwa na mzinga alikuwa hajakataa, alichokataa ni kushindwa nao. Hapo jumuiya ikafunguka. Mama Wanjiru aliachia sala aliyokuwa ameifinyia kifuani tangu mchana, Mkongomani akaiweka ngoma magotini, vigelegele vikapigwa mpaka picha ya harusi ya wazazi wangu ikakaa upande ukutani, na Baba kule chini ya mlima wake akawa anaitikia amina kila pengo lilipopatikana. Kabla hajakata, Bibi alimwapisha kwa jina la marehemu Babu kwamba hatang'oka hapo mpaka wenye mlima waseme. Akaapa.

Kuhusu mwalimu, Bibi hakukubali kushindwa. Nilimwambia jioni, nikiwa na uchungu kidogo, kwamba mwalimu alikosea. "Mwalimu hakukosea," akasema. "Ni huo mlima ndio haukusoma."

Mama alirudi kutoka kazini akakuta taarifa ya habari. Njia ya kusini nayo ilikuwa imefungwa. Theluji ilishuka mchana ule na kuikata, na kwa rehema za Mungu hakukuwa na gari chini yake, wala wale wawili wa asubuhi hawakudhurika. Bibi akamsimulia mambo ya simu, akiyapamba hapa na pale. Mama alisikiliza mpaka mwisho bila kucheka, akaenda jikoni akafungua bomba la maji, akaliacha likitiririka muda mrefu. Sikuelewa anaosha nini, maana vyombo vyote tulikuwa tumeshavimaliza.

Baba alirudi wiki iliyofuata, mchana, wakati hatumtegemei. Nilikuwa nimekaa kwenye ngazi. Alifungua mlango akasimama palepale kizingitini, baridi inaingia, theluji mabegani, hataki kuingia wala kufunga.

"Mama!" akaita.

"NINI?" akajibu Bibi kutoka chumbani kwake. "FUNGA MLANGO!"

"Mke wangu!"

"Abee!" akaitika Mama kutoka jikoni, kwa sauti iliyopita kuta zote.

Kisha akanitazama. Tulikuwa tunaonana uso kwa uso, ngazi chache tu kati yetu, lakini hakusogea.

"Bibi mdogo!"

"Abee!" nikapiga kelele kwa kifua chote.

Ndipo akafunga mlango. Akakaa chini sakafuni na koti lake, akavua kofia na kujifunika nayo uso, mabega yakawa yanamtikisika. Nilidhani anacheka. Nikashuka, nikakaa kando yake, nikacheka naye.